Mshambuliaji Wangu wa Jumamosi ni Mama Mkwe: Nimfukuze?

Mpendwa Shangazi Jescah,

Nakuomba uniokoe kabla Jumamosi haijafika, maana mimi mwanaume mzima, fundi wa simu hapa Kakamega mjini, mtu amefika Kampala, Mombasa na hata Dubai (ingawa Dubai sikutoka nje ya uwanja wa ndege), nimeshindwa na mchezo wa karata wa kwenye simu. Shule niliachia njiani, lakini vile ninachezanga karata hata maprofesa wananiamkia. Jina langu usichapishe, kwa sababu ukiandika tu Khaemba Fundi soko zima litajua ni mimi.

Huu mchezo una vikosi, na kila Jumamosi alasiri kila kikosi kinapewa joka moja kubwa la kupiga, kila mtu anatupa karata zake akiwa kwake au anampitishia mwenzake, mwenye kuongea anaongea na mwenye kuandika anaandika, na joka likianguka mnafungua sanduku la zawadi. Mimi ndiye kepteni wa kikosi kinaitwa Radi ya Magharibi, na nilikiongoza kama askari jela, Shangazi, yaani Cleophas nilimfukuza kwa sababu aliacha joka akaenda kumzika nyanya yake, na Tracy wa chapati nilimkataza kutupa karata ya mbuzi, ile anapenda sana, eti haina nguvu, tukawa tunashinda kila wiki na hakuna mtu anacheka, watu wakatoroka mmoja mmoja mpaka tukabaki mimi, Tracy, na mtu mwingine ambaye nadhani alisahau kuzima simu.

Ndipo akaingia mtu anaitwa Simba wa Shinyalu. Huyu haongeangi, anaandika tu. Akamwandikia Cleophas pole ya msiba, Cleophas akarudi. Akasema Tracy atupe mbuzi wake wa kwanza kila wiki, ndiyo joka lishangae kabla ya kufa. Akasema mwenye karata imeanguka vibaya kuliko zote aimbe pambio moja, na sanduku lisifunguliwe mpaka yule wa mtandao mbaya afike. Shangazi, watu wakajaa! Wiki hii joka linatupiga, wiki ile tunalipiga, na kelele ni kama ya harusi, mpaka wateja wangu wanaacha simu zao na kunisimamia nyuma ya kichwa.

Mimi huyu Simba nikampenda kama ndugu, nikamwambia kwa sauti wote wakisikia, "Simba kijana wangu, Jumamosi ijayo tukimaliza joka tukutane hotelini, wewe na mimi tule obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, sahani moja, halafu nikubebe mabegani nizunguke nawe stendi!"

Akaandika, "Kepteni, mimi ni mzito."

Nikamwambia, "Nimebeba magunia ya sukari Mumias. Wewe ni nini?"

Sasa sikia. Jana nilipeleka mbolea ukweni, Shinyalu. Unajua heshima yetu: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawashikani mkono, hawali pamoja. Kwa hivyo nikakaa varanda, mama mkwe akabaki jikoni, na chakula akaniletea shemeji yangu Wendy. Nimeshika paja la kuku, naliinua, nasikia sauti yangu mwenyewe inatoka jikoni. Ulikuwa ujumbe niliotumia kikosi asubuhi: "Simba! Usiogope, Jumamosi mwagia hilo joka moto, mimi kepteni niko nyuma yako!" Na mama mkwe akacheka, akasema, "Ai, huyu kepteni huyu!"

Paja lilianguka. Niliruka ua nikaacha pikipiki, nikakimbia kwa njia ya majani chai mpaka barabarani, na sasa wamempigia mke wangu Ayuma kumwambia malaria imenipanda kichwani, na Ayuma ananipima joto kila saa.

Shangazi, nimeshika simu, kile kitufe cha kumfukuza Simba kiko mbele yangu. Nikimfukuza, kila mtu atamfuata, na hawa watu ndio marafiki nimebaki nao. Nikimwacha, mimi ni mtu gani? Nimemwita mama mkwe kijana, nimempitishia karata mkono kwa mkono, na Jumamosi nina ahadi ya kumbeba mabegani mbele ya stendi nzima. Nifanye nini?

Ni mimi, Kepteni (lakini si Khaemba).

*

Wewe Khaemba Fundi,

Umenikataza nisichapishe jina lako, kisha ukaliandika mara mbili. Mhariri alijaribu kulifuta, akacheka, akaliacha.

Pole. Hofu yako naielewa, maana heshima ya ukweni si mchezo. Lakini tulia. Mama mkwe hujamtukana; hukujua. Uliyemkosea ni Cleophas. Mtu anamzika nyanya yake, wewe unamfukuza kwa sababu ya joka la kwenye kioo! Nyanya hazikwi mara mbili. Joka linarudi kila Jumamosi.

Unashangaa Simba alitoa raha wapi. Kwani hujawahi kuona mama wa Shinyalu akiita watu wamsaidie kupalilia? Kila mmoja hupewa safu anayoiweza, aliyechelewa huwekewa uji wake, mvivu hutaniwa lakini hafukuzwi, na wiki ijayo wote wanarudi. Mahindi si yao. Wanarudia kicheko. Ushindi utamleta mtu mara tatu, baba, halafu atauzoea. Ulikuwa na kikosi cha kushinda ambacho hakuna aliyetaka kukaa ndani yake.

Sasa nikuulize, wewe uliyefika Dubai. Huyo mama alikusikia ukihutubia siku ya mahari, na najua ulihutubia sana. Unadhani sauti yako kwenye mchezo hakuijua? Na jana alijua uko varanda, kwa sababu kuku alikupikia yeye. Mwenye siri hafungulii simu sauti mpaka mwisho. Hakushikwa, Khaemba. Alikuwa anakuamkia, kwa njia pekee ambayo heshima imemwachia. Na wewe ukaruka ua.

Kwa hivyo usimfukuze. Ukepteni mpe yeye. Kazi ni yake tayari, wewe ulikuwa na cheo tu. Karata zako mpitishie Cleophas, Cleophas ampitishie Simba, hapo hakuna mkono umekutana na mwingine. Habari ya mabega futa leo, tena usiiote. Jumamosi hotelini agizeni kuku wawili: yeye na Tracy wale ndani, wewe na Cleophas mle nje mkitazama barabara. Mweleze Ayuma ukweli kabla hajakudunga sindano. Na wazee wa pande zote mbili waulizwe kama siku ya kupeleka blanketi imefika, ili mama na mkwe wasalimiane. Hilo ni lao kuamua, usiliharakishe kwa mdomo wako.

Lakini usingoje wazee ndipo uende. Rudi Shinyalu kesho, na ukae varanda ile ile. Ukisikia mtu anacheka jikoni, cheka na wewe, kwa nguvu, akusikie. Heshima ilikataza macho na mikono. Kicheko haikukitaja.

Shangazi Jescah