Nilimnyooshea Baba Mkwe Mkono

Mama Agustina, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza shida zetu. Naomba uniongoze maana siku hizi natembea kama niko usingizini. Mimi ni Elieth, nimeolewa kijijini Nyanungu, nasomea fizikia Ujerumani, na kazi yangu ni kuweka vibamba viwili vya metali ndani ya chombo kisicho na hewa, penye baridi inayokaribia mwisho wa baridi yote, kisha napima joto linavyovuka kutoka kimoja kwenda kingine, na vikiwa mbali linalovuka ni kidogo mno, lakini nikivisogeza hadi nafasi iwe nyembamba mara elfu kuliko unywele, joto linamiminika kupita hesabu za zamani zilivyoruhusu, na bado havijagusana, maana vikigusana tu kipimo kimeharibika, nami hukaa pale nikitazama namba zikipanda taratibu, nikasahau hata niko nchi gani.

Basi nimerudi likizo, nikamkuta baba mkwe, Mzee Machage, amekaa uani na wageni, na mimi kwa furaha na mazoea ya kule nikamwendea nikamnyooshea mkono, mama yangu wee, akaurudisha wake ndani ya koti, akainuka, akaondoka, na mama mkwe akaniambia kwa upole, "Elieth, mkwe hashikwi mkono. Umesahau?" Nilikuwa nimesahau kweli. Tangu hapo hapiti upande wa nyumba yetu, sasa anaumwa kifua, namsikia akikohoa chumbani kwake, mume wangu Ryoba anasema niache tu yatapita, na Jumapili nasafiri. Nampenda yule mzee, ndiye aliyewanyamazisha ndugu waliosema mke asiende kusoma mbali. Naogopa atakufa akijua sina adabu. Je, nikamshike miguu kumwomba radhi, au niondoke kimya?

Elieth, marahaba, na pole. Lakini wewe nawe! Umekosea kwa kutaka kumgusa, na dawa uliyoiona ni kumgusa tena? Acha miguu ya mzee.

Hapo kwenye vibamba nilisoma mara mbili, chai yangu ikapoa. Kule kwenye baridi unajua kusogea karibu kabisa bila kugusa, ila ukifika Nyanungu unaona njia mbili tu, kushika au kukimbia.

Ryoba aache hayo ya yatapita, kesho asubuhi ampeleke baba yake hospitali. Wewe pika uji, mama mkwe ampelekee. Wakisharudi, weka kigoda nje ya dirisha la chumba chake, mama mkwe akiwepo, umwamkie, useme umekosa, halafu umweleze kazi unayoifanya huko alikokuruhusu kwenda. Akikaa kimya, endelea kusimulia. Usipande gari Jumapili hujayasema.

Na hilo la kudhani amekuchukia, liondoe moyoni. Mgeni yeyote pale uani, mzee angempa mkono bila kufikiri. Wewe alikunyima kwa sababu ni mke wa mwanawe, na hata kwa hasira hakulisahau hilo.