Mazishi Yako Hayakupigwa Video, Akurut

Mwaka umezunguka, Emmaculate Akurut, tangu nimonia ikutoe mikononi mwetu ukiwa na miaka thelathini na minane, tukakulaza kando ya Baba, hatua chache kutoka kijitoni. Hadi leo Mama anatoa kikombe chako kabatini, anakitazama, anakirudisha.

Tuna jambo la kuungama. Hakuna aliyepiga video siku yako. Wewe ndiwe uliyeshika kamera kwenye matanga yote, Malaba hadi Nambale, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ametafuta mtu. Tuligundua kaburi limeshafunikwa. Kwa hivyo tunakusimulia, usije ukasema tulikuficha.

Watu walijaa. Wachuuzi wa Malaba walifunga vibanda. Mama Brendah wa kwaya, yule aliyekuwa akikuomba umpunguze tumbo kwenye video, alilia bila kujali anaonekanaje.

Ulikuwa mkaidi, dada. Wachimba dhahabu walipoingia shamba la baba mdogo Emorut, wakatoboa mashimo hadi ukingoni na kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa, sisi tulinung'unika tu. Wewe ulichukua kamera. Filamu yako ya kwanza tuliicheka. Ulitundika shuka sokoni Amagoro, watu wakaja na viti wakidhani ni video ya matanga ya mzee Okedi, wakawa wanajitafuta kwenye picha. Hawakujiona, wakaenda zao. Ulirudi nyumbani ukasema, "Kumbe wanapenda kuona matanga. Basi nitawapa matanga."

Ndipo ukakizika kijito. Uliipanga filamu upya kama video ya mazishi: ratiba, wasifu wa marehemu, siku samaki wa mwisho alipoonekana, jamaa wakisimama mmoja mmoja kusema walivyomjua. Mama alisimulia alivyotuogesha humo sote tukiwa wadogo. Safari hiyo hakuna aliyebeba kiti chake akaondoka.

Ila ulikuwa na sharti: mtu haonyeshwi sokoni kabla hajajiona kwanza. Baba mdogo alijiona akisema kwamba aliwaruhusu wachimbaji, na kwamba aliwaona wakimwaga kijitoni zebaki ya kuoshea dhahabu. Akakwambia, "Hicho toa, mtoto wangu. Utaniaibisha." Ukatoa. Tulikugombeza sana, maana wachimbaji walikuwa wakikana, na shahidi alikuwa yeye peke yake. Ulitujibu, "Ataniambia mwenyewe akiwa tayari." Tulikuona mjinga. Utusamehe.

Alikuwa tayari siku tuliyokuzika. Kasisi alipomaliza, baba mdogo aliomba kusema. Alisimama ukingoni mwa kaburi, kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliwafungulia," akasema. "Nikamwambia huyu mtoto anitoe kwa filamu, akanitoa. Sasa mnirudishe."

Mama alimshika mkono. Juma hilo hilo baba mdogo aliwatoa wachimbaji shambani, na tangu hapo yeye na kaka yetu Otukei wanafukia mashimo kwa jembe na toroli. Mawili yamekwisha. La tatu, lile kubwa, bado. Maji nayo hayajapona, na hatuwaruhusu watoto kuyagusa, lakini hakuna anayemwaga kitu tena.

Jumamosi hii baada ya misa filamu itaonyeshwa tena Amagoro, kipande cha baba mdogo kikiwa ndani. Tulifuata sharti lako: tulimwonyesha kwanza. Alijitazama hadi mwisho, akasema, "Iko sawa." Ameomba kiti cha mbele.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mama yako Roselida, dada yako Among anayeandika haya, kaka yako Otukei, baba mdogo Emorut na binti yako Maurine. Maurine ndiye atakayeshika kamera Jumamosi. Safari hii tumeulizana mara tatu.

Hatutakusahau, Akurut, siku zote za maisha yetu.