Jaketi la Kocha Ajaye

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na mimi mwenyewe nimejigombeza tangu jana bila kupata nafuu, ndiyo sababu barua hii nimeileta kwa mkono wangu mapokezi ya gazeti lenu leo Jumanne badala ya kuituma.

Mimi ni fundi wa kudarizi, nina chumba kimoja chenye mashine mbili, kimepakana na kinyozi, na kazi yangu kubwa ni majaketi ya timu za ligi, yale ambayo kocha huvaa akisimama pembeni mwa uwanja, yenye herufi za jina lake kifuani, na kwa miaka sita timu nne huniletea kazi hiyo, sasa utaona mwenyewe balaa lilipoanzia, kwani kabla mwenyekiti hajatangaza lolote, kabla hata kocha mwenyewe hajaitwa ofisini, katibu wa klabu huja kwangu na karatasi yenye herufi mpya na vipimo vya mtu mwingine, kwa sababu viongozi hawa hupenda kocha mpya apigwe picha siku ileile akiwa ndani ya jaketi lake.

Pale kwa kinyozi kila Jumatatu wanaume hubishana ni kocha gani anafuata kutimuliwa na kwa nini, huyu atasema ni yule wanayemwita Profesa kwa kuwa amegombana na kipa, yule atasema ni Babu Sare kwa kuwa timu yake haifungwi wala haifungi, na mimi nikipita kuteka maji huniuliza kwa utani, Mama Sindano, wewe unasemaje. Siku moja nikajibu. Nikamtaja kocha ambaye hakuna aliyemdhania, timu yake ilikuwa ya tatu na imetoka kushinda mechi mbili mfululizo, wakacheka mpaka kinyozi akazima mashine, na siku tatu baadaye kibarua cha yule bwana kikaota nyasi. Wa pili nikampata, wa tatu nikampata, wakaanza kuniita Mtabiri, wakanitengea kiti, wakaninunulia soda, na mimi, Mshauri, sitakudanganya, nilipenda, kwani nimeishi miaka arobaini na minne bila mwanamume hata mmoja kunyamaza ili mimi niongee mpira. Hata sababu nikaanza kutunga, huyu wachezaji wamemchoka, yule anachelewa kubadilisha watu, wakati sababu niliyokuwa nayo ni karatasi ya katibu tu.

Sasa jana Jumatatu katibu wa timu ya hapa kwetu ameniletea karatasi, herufi mpya, kifua kipana, mikono mirefu, jaketi liwe tayari Ijumaa asubuhi, na kocha wa timu hii ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho. Katibu anajua undugu huo, maana aliniambia taratibu kabisa, akiwa ameshika mlango, kwamba wananiamini, ila likivuja nisitegemee tena kazi ya klabu yao wala ya marafiki zao.

Ningeweza kunyamaza, maana kocha kufukuzwa si msiba, makocha wote wanakalia kuti kavu na shemeji mwenyewe husema hivyo akitania, lakini kuna chuo cha mpira cha vijana kimemwita akafundishe kwa mkataba wa miaka mitano, na wanataka jibu Alhamisi, siku moja kabla ya hilo jaketi, na juzi Jumapili alikuja kula kwangu na mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi saba, na shemeji akatuambia atakataa kwa sababu mwenyekiti amesema mbele ya waandishi kwamba bodi ina imani kamili naye. Akaniambia, "Shemeji, mtu akikusimamia mbele za watu, wewe utamkimbiaje?" Sikuwa najua kitu siku hiyo, nikamsifu, nikamwambia huo ndio uungwana, na mdogo wangu akanitazama kwa furaha kwa kuwa nimemuunga mkono mumewe.

Jaketi nimeshalianza, herufi ya kwanza imekamilika, ya pili mkono unakataa. Nikimwambia nimevunja siri ya mteja, na fundi bila uaminifu ni nani, nina watoto watatu na mama yangu mzazi wanaokula kwa mashine hizi. Nisipomwambia nitamtazamaje mdogo wangu akijifungua nyumbani kwa mtu asiye na kazi. Naomba ushauri wako, nimekwama.

Fundi wa Kudarizi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Umebanwa kweli, na ishike vizuri pole hiyo, maana huko mbele sina nyingine.

Unaniambia habari za siri ya mteja. Siri hiyo ilikuwa wapi siku ulipowataja wale watatu kwa kinyozi? Nao walikuwa na wake, walikuwa na mashemeji. Huenda mmoja wao alisikia barabarani kwamba anaondoka kabla hajasikia ofisini, na mtoto wake akaulizwa shuleni. Uliwauza kwa kiti na soda. Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu. Leo umegeukia nyumbani kwenu ndipo umekumbuka kwamba fundi ana uaminifu.

Mimi si mtu wa mpira, lakini nimesoma barua nyingi za watu waliofukuzwa kazi, na makocha hawana tofauti kubwa na wengine. Timu ikiharibika, wachezaji ishirini na watano hawafukuziki kwa siku moja. Mwenyekiti hajifukuzi. Mashabiki ndio kabisa. Anabaki mtu mmoja aliyesimama pembeni na jaketi, anaonekana na kila mtu, basi anaondoka yeye. Hizo sababu nyingine mnazobishania ni za kujaza Jumatatu.

Na hiyo imani kamili. Mume aliyetulia na mkewe hazunguki kwa majirani kutangaza kwamba hana mpango wa kumwacha. Shemeji yako angelitambua hilo kwa mtu mwingine. Kwake mwenyewe hakulitambua, kwa kuwa yeye akitoa neno hulishika, na anadhani wenzake wako hivyo. Ukamsifu. Sikulaumu kwa hilo, Jumapili hukujua. Jumatatu ulijua, na Jumanne ukakaa ukaandika kurasa mbili.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake leo, usipige simu, na mdogo wako awepo, maana uamuzi ni wa nyumba ya watu wawili. Mwambie, "Shemeji, nimeletewa jaketi la kocha mwingine. Wanalitaka Ijumaa." Ishia hapo, usiongeze sababu, umeshatunga za kutosha. Akiamua kubaki hata hivyo, ni haki yake, atakuwa amebaki akijua. Ukitoka hapo nenda kwa katibu, mrudishie karatasi na jaketi ulilolianza, umwambie kwa kinywa chako kwamba umesema, asije akasikia kwa wengine. Atakasirika. Huenda ukapoteza timu hiyo na nyingine mbili, na itauma, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anza leo kutafuta sare za shule na mashuka ya hoteli. Lakini mtu aliyekuletea sindano umchome ndugu yako, wakati mji una mafundi wengine, hakukuheshimu hata kidogo. Na kwa kinyozi, wakikuuliza nani anafuata, sema hujui.

Nimalizie na hili. Barua yako ilinifikia ikiwa na jina la klabu, rangi za jaketi, herufi zote mbili, hata mtaa anaoishi mdogo wako. Mtu anayeogopa siri isivuje haliandikii gazeti hivyo. Nadhani ulitaka shemeji yako afungue ukurasa huu, ajitambue, akimbilie kuikubali kazi ile, nawe ubaki na mdogo wako, na wateja wako, bila kutamka neno. Nimeyafuta yote hayo, na mengine nimeyabadilisha. Siku tu ndizo sikuzigusa. Akisoma leo Jumatano atamhurumia kocha wa watu, kisha atakunja gazeti na kuandika barua ya kukataa. Una mpaka kesho.