Fimbo Nyekundu ya Shemeji

Nyumbani, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi,
Jumapili mchana

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Huku sote wazima. Mama anakula na kugomba kama kawaida, kwa hiyo usimhofie.

Mwenye wasiwasi ni mimi, tangu shemeji yetu, bwana wa mdogo wetu, alipoliinua gari lake kwa springi ndefu ili tumbo lisikwaruze barabarani. Gari likainuka kweli, ila ekseli ya nyuma ikasogea upande, tairi likawa linalamba bodi kila akikata kona. Fundi akamwambia ile fimbo inayoishika ekseli isiyumbe sasa ni fupi. Atafute ya kurekebishwa, yenye nati za kuirefusha mpaka ekseli irudi katikati.

Nikafunga saluni, nikamsindikiza dukani. Unanijua, simwamini mtu anayecheka kabla hajaulizwa bei. Muuzaji alileta mbili. Moja nyeusi, nene, haina urembo wowote. Nyingine nyekundu, inang'aa kama kucha za bi harusi. Hiyo aliisifu mpaka jasho likamtoka, lakini kaka, mkono wake haukubanduka pale katikati ya fimbo. Nikaomba niishike. Akasema ina grisi, nitachafuka. Grisi gani, na rangi yenyewe inanuka upya?

Alipogeuka kupokea simu, nikaikwaruza kwa ufunguo. Rangi ikatoka, chini yake pana alama ya kuchomelea. Ilikuwa imekatwa ikaungwa. Nikamwonyesha shemeji. Muuzaji akadai kiwandani ndivyo wanavyounga, na shemeji, ambaye moyo wake ulishaangukia ile rangi, akacheka.

"Shemeji, wewe ungemshuku hata mkunga aliyekupokea," akasema. Akainunua.

Ilifungwa, gari likanyooka, nami nikawa kichekesho cha familia. Lakini roho yangu haikutulia. Juzi shemeji na mdogo wetu walipopita hapa, wakiwapeleka watoto bondeni kwa shangazi yao, niliinama nikachungulia chini ya gari. Pale pale kwenye kiungo palikuwa na mstari mwembamba wa kutu. Nilichomoa funguo za gari nikazitia kifuani.

Mdogo wetu alinifokea kwamba namwonea gere mumewe. Mama naye akataka nizirudishe, nisimwaibishe mkwe wake. Nikakataa katakata mpaka fundi aje. Fundi akaja, akalala chini ya gari, akaifungua fimbo na kuigonga kwa nyundo, wala si kwa nguvu. Ikatoka vipande viwili.

Shemeji aliviokota, akavitazama, kisha akawatazama wanawe waliokaa kibarazani na mabegi yao, wakingoja safari. Nikampa funguo zake. Akanirudishia mkononi.

"Kaa nazo," akasema. "Fimbo nyingine utachagua wewe, duka jingine. Mimi nitabeba tu."

Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu pia, ingawa mimi bado ananisalimia kwa kuwatuma watoto. Nisalimie wifi na wanao wote. Mungu akuepushe na kila kinachong'aa kupita kiasi, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na katika hilo sina shaka,

Mama Saluni