Mama, Paka Wako Ameanza Kula

Kawajense, Mpanda. Jumapili, tarehe 9 Machi. Asubuhi manyunyu, ukungu mzito upande wa Magamba. Jua limetoka saa nne.

Mpendwa Mama,

Leo nimeamka na harufu ya moshi wa jiko lako, ingawa mimi napikia gesi na dirisha lilikuwa limefungwa. Nikabaki nimelala, nikasikia kitu chepesi kinatembea juu ya blanketi. Nilidhani ndoto bado inaendelea. Kumbe ni Karani, paka wako, amekuja kuniomba chakula. Alikuwa ameacha kuniomba, Mama, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyompa jina hilo? Alikuwa mdogo, anakaa kwenye mlango wa kihenge siku ya kujaza mahindi, anatazama kila debe linaloingia. Ukasema huyu ndiye karani wetu, hakuna debe litakalompita. Baba, ambaye sasa mko naye huko, alikuwa na sheria moja juu yake, sheria ya nyumba zote za kwetu Magamba: paka hapewi nyama. Akishiba nyama atawaacha panya wale mahindi. Basi kila jioni ulimwekea kitonge cha ugali kwenye kisahani cha bati chenye ua jekundu, ukamwagia maziwa. Sisi watoto tukaamini hicho ndicho chakula cha paka dunia nzima.

Tulipomaliza matanga yako nilimtia kwenye kikapu nikaja naye mjini kwa bodaboda. Kisahani nacho nilikibeba. Nikafanya kama wewe: ugali, maziwa, jioni. Maziwa nikaongeza kwa huruma. Akaanza kuharisha. Manyoya yakakauka, mbavu zikaonekana, na giza likiingia akawa anajigonga kwenye miguu ya meza kama mgeni wa nyumba. Mama Deo, jirani yangu, alimwangalia akaniuliza kama nimeamua kumfungisha Kwaresima. Nilicheka. Halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu ukiondoa kanga zako, huyu ndiye pekee aliyebaki ambaye mkono wako ulimgusa kila siku.

Nikampeleka kwa afisa mifugo, dada mmoja mpole. Alimbonyeza tumbo taratibu, akamwangalia macho, akauliza anakula nini. Nikamweleza kwa kujiamini kabisa.

"Dada," akasema, "huyu si mbuzi."

Akanieleza kwamba utumbo wa paka ni mfupi, umeumbwa kwa ajili ya nyama. Ugali kidogo utapita, lakini haumjengi. Maziwa, paka wengi wakishakua tumbo haliyawezi tena, ndiyo sababu anaharisha. Na kuna kirutubisho kwenye nyama na samaki ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanafifia na moyo unachoka. Nikambishia. Nikasema mama yangu alimlea kwa ugali na maziwa, na alikuwa mnene, anang'aa. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Una uhakika hicho ndicho alichokuwa anakula?"

Nililala na swali hilo. Alfajiri nikakuota. Umekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, unachambua dagaa wa Karema. Mwanga unaingia kwenye matundu ya ukuta, vumbi linaelea kama unga. Unakata vichwa, unaviweka kwenye jani la mgomba nyuma ya kinu. Nje mvua inanyesha bila sauti.

Nilipoamka nikajua haikuwa ndoto tupu. Ndivyo ulivyofanya siku zote, na mimi nikidhani unatenga takataka. Vichwa vya dagaa nyuma ya kinu. Matumbo ya kuku siku za sikukuu. Na panya wa kihengeni, usiku kucha. Kisahani kilikuwa cha kumridhisha Baba, na Karani alikilamba kwa adabu tu. Mimi nimemleta kwenye nyumba ya sementi isiyo na kihenge wala panya, nikampa kile tu ulichompa mbele za watu.

Sasa namchemshia dagaa bila chumvi wala kitunguu. Siku nyingine maini na mioyo ya kuku kutoka sokoni. Nilianza kwa kuchanganya na ugali wake, nikawa napunguza ugali kidogo kidogo ili tumbo lisishtuke. Kuharisha kumekoma. Leo amemaliza chakula chote, akakaa dirishani kunawa uso kwa ulimi na mguu, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

Sitakudanganya. Macho yake afisa mifugo anasema huenda yasirudi kama zamani. Meza bado anaigonga, kwa hiyo nimeisogeza ukutani. Kisahani chenye ua jekundu kipo. Nakijaza maji safi, na akiinama kunywa, ua linatikisika kama liko mtoni.

Pumzika, Mama. Hakuna wa kumficha tena. Hapa vichwa vya dagaa analetewa mbele ya kila mtu, hata mbele ya Mama Deo.

Ni mimi, binti yako mkubwa.

Saa tatu na robo usiku, Karani amelala juu ya kanga yako ya kijani. Saa nne kasoro robo, nami nazima taa.