Kipini Ulichokiacha Nyuma ya Diski

Tuwan,
S.L.P. 1187,
Kitale.
14 Agosti 2005

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na matope. Hujambo huko Malindi? Viola na watoto je, wamelizoea joto? Sisi wazima, ila Mama goti linamsumbua tangu mvua zianze. Mahindi ya Kimilili yamekomaa vizuri.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa niseme lililonikalisha hapa, kwa maana nina hasira nawe.

Unaikumbuka diski aliyonitumia kaka Wekoye kutoka Uingereza, niweke video za harusi kwenye ile kompyuta yangu kuukuu. Lebo ilisema giga themanini. Ulipoifunga, kompyuta ikasoma thelathini na mbili, na wewe, injinia wa ukoo, ukacheka: "Ati themanini? Wekoye amedanganywa huko, bana. Hiyo lebo ni ya kubandika tu." Nikakuamini. Nikampigia Wekoye simu nikamwambia maneno ambayo leo naona haya kuyaandika.

Mwezi wa nne diski ikajaa. Nilikuwa na harusi ya Webuye ya kutengeneza, nikakupigia. Ukasema, "Si ufute vitu vya zamani, dada." Nikakuambia kikubwa cha zamani ni video ya Baba, ile niliyomrekodi miezi miwili kabla hajatuacha. Hata hivyo ukasema nifute tu. Nikafuta, nikijua kanda yake iko kabatini. Kumbe kanda hiyo nilishairekodia harusi nyingine juu yake. Hilo ni kosa langu na nalibeba mwenyewe.

Wiki jana feni ya kompyuta ilikufa, nikaipeleka kwa fundi Kiplangat hapa mjini. Akaitoa diski, akaniita. Nyuma yake, pale waya zinapoingia, kulikuwa na kipini cheusi cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama. Akanieleza kwamba kompyuta za zamani zikiona diski kubwa hivyo huganda zinapowashwa, kwa hiyo mafundi huweka kipini hicho ili diski ijifanye ndogo. Kisha akaigeuza, akauliza, "Madam, hii mwandiko ni ya nani?" Ulikuwa wino mweusi: "80. Nimefunga 32. J." Mwandiko wako naujua tangu nilipokuwa nakusahihishia madaftari.

Kiplangat aliitilia mashine programu mpya ya kuiwasha, kwa disketi moja, akachomoa kipini. Ikasoma themanini kasoro kidogo. Hata saa moja haikuisha. Nilimwomba amtafute Baba humo, akajaribu, lakini harusi ya Webuye ilishakaa juu yake.

Kama hukuijua kazi hiyo ya programu, si ungesema tu hujui? Nani angekucheka, Jairus? Uliona afadhali Wekoye aonekane mjinga na Baba afutwe kuliko wewe kutamka neno hilo. Nafasi ilikuwapo siku zote, na ulijua. Umenisaliti, ndugu yangu, na sina neno jingine la kupunguza makali yake.

Wewe video ile hukuiona, kwa hiyo nikuambie kilichokuwamo. Baba alitaja mababu zetu mmoja mmoja, majina ambayo sasa hakuna anayeyajua yote. Kisha akahesabu watoto wake, wavulana kwanza, kama kawaida yake. Alimtaja Wekoye, akakutaja wewe, ndipo akanifikia mimi. Wewe uliyezaliwa na nduguye alikuhesabu wa pili, bila kusita.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Nanyama pia. Hawajui lolote. Sitawaambia mimi, utawaambia mwenyewe ukija Desemba. Wabusu Viola na watoto kwa niaba yangu, na Mungu awafunike nyote.

Kipini nimekitia humu kwenye bahasha, kitafute vizuri kisidondoke. Diski sasa ina nafasi tele, na Baba hayumo.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Edinah