Taa ya Bastola Uliyomchagulia Baba Yako

S.L.P. 214,
Pruett, Oklahoma.
Jumatatu, 23 Mei 2022.

Mpendwa Garrick,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Inga, huko Fairbanks ambako nasikia barafu ndiyo kwanza imeyeyuka mitoni. Kifua cha Inga kimepona? Mwambie asirudi kazini kabla hajaacha kukohoa. Sisi huku ni wazima. Goti langu huuma mvua inapokaribia, na mwezi huu mvua haijaacha kukaribia. Baba yako ana afya kunishinda: anakula, analala na anabishana.

Baada ya salamu, nina hasira nawe. Nimengoja zipoe, hazikupoa, kwa hiyo nakuandikia zingali za moto.

Habari za kimbunga cha Jumanne umekwisha kuzipata kwa baba yako. Najua alivyokusimulia, kwa sababu alinionyesha simuni ulivyomjibu: "Si nilikwambia, Baba! Hicho ndicho kifaa!" Chini yake ukaweka vikatuni vinavyocheka. Sasa soma nilivyoona mimi niliyekuwamo.

King'ora cha mji kililia alasiri, tukiwa mezani. Dada yako Shawna alikuwa amekuja na wanawe, Brynlee na kile kichanga, Tate. Sisi tulikimbilia handaki la nyuma ya nyumba. Baba yako alikimbilia kwanza chumbani kuchukua bastola, maana tangu banda la jirani livunjwe na wezi wakati wa baridi haendi popote bila hiyo. Majirani wasio na handaki wakaja pia, kama ilivyo desturi yetu. Tukajazana humo, mlango wa chuma ukafungwa, giza likawa totoro. Ile taa inayoning'inia kwenye msumari haikuwaka. Betri zake zilikuwa zimekufa.

"Msiogope," akasema baba yako, "taa ninayo."

Akachomoa bastola. Akawasha ile taa uliyompelekea, iliyofungwa chini ya mtutu, akaanza kutuhesabu. Garrick, alituhesabu kwa bastola! Mmoja baada ya mwingine, kifuani. Na kwa kuwa ulichagua ile ambayo taa na leza ya kulengea huwaka kwa swichi moja, kila aliyehesabiwa aliwekewa kidoa chekundu. Mwanga wenyewe ulikuwa mkali mno. Uligonga saruji nyeupe ukaturudia machoni. Hakuna aliyeona kitu, yeye akiwa wa kwanza, na kwa kuwa haoni akazidi kusogea.

"Baba, shusha hicho kitu!" Shawna akapiga kelele.

"Tulia wewe, nahesabu watu. Mtu akisahaulika nje mtanilaumu mimi."

"Si uhesabu kwa kidole!"

"Kidole changu hakiwaki, binti yangu."

Watu wakacheka. Ndipo niliposikia sauti ya Brynlee: "Mama, tazama, nimepata kidoa!" Kilikuwa kifuani pake, kikichezacheza, kwa sababu mkono wa babu yake hutetemeka. Mtoto alikuwa akijaribu kukinasa kwa viganja. Kikimponyoka, anacheka. Kikihamia ukutani, analalamika: "Babu, kirudishe!" Na babu yake, kwa mapenzi yake yote, akakirudisha.

Nilimshika kifundo cha mkono, nikaelekeza mtutu kwenye pembe isiyo na mtu, nikamnyang'anya. Nilitoa magazini yenye risasi, nikavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, na risasi iliyokuwa tayari ndani ikaangukia saruji. Kila mtu aliisikia ikibiringika. Hapakuwa na aliyecheka tena.

Kimbunga kilipita kando yetu. Kilichukua paa la banda la kuku, basi.

Usimwambie Inga kwamba shangazi yako ni kikongwe anayeogopa bunduki. Bastola yangu ninayo, na unajua inakaa wapi. Nimefundisha wawindaji usalama wa silaha katika ukumbi wa kanisa tangu hujazaliwa; wewe mwenyewe umepita mikononi mwangu, na somo la kwanza nililokupa ni kwamba mtutu hauelekezwi kwa kitu usichokusudia kukiharibu. Sasa umemfungia baba yako tochi kwenye mtutu. Ulidhani ataitumiaje? Mtu huelekeza tochi kwa kila anachotaka kukiona.

Aliyekuuliza anunue taa gani ni mzee wa karibu miaka themanini, macho yamechoka, mikono haitulii, na katika nyumba yake wajukuu huingia bila kubisha hodi. Ukamjibu kama unavyowajibu vijana wenzako kazini: chukua yenye mwanga mkubwa kuliko zote. Hukufikiri juu ya ukumbi wake mwembamba wenye kuta nyeupe, ambazo zitampofusha mwenyewe kabla ya mwizi. Hukufikiri kwamba swichi ile iko mbele tu ya kifyatulio, na kwamba kidole chenye hofu kikipapasa kutafuta taa kinaweza kupata kitu kingine. Na leza! Wala haijalinganishwa na bastola yenyewe. Nilipoijaribu kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kumrudishia, risasi ilikwenda kando ya kidoa kwa upana wa kiganja. Mkono unaotetemeka hutetemesha kidoa, na mzee huanza kukifukuza kwa macho badala ya kumtazama aliye mlangoni. Leza haitamwambia kama huyo ni mwizi au ni Shawna aliyerudi kuchukua koti la mtoto.

Ungemchagulia tochi ya mkononi, yenye mwanga wa kadiri, ikae kando ya kitanda. Ungemchagulia taa ya ukumbini inayojiwasha mtu anapopita. Kwanza mtu ajue ni nani aliyeingia, kisha ndipo aamue kama bastola inahusika. Taa ya bastola inawafaa watu waliofunzwa kuitumia na wanaorudia mafunzo hayo. Baba yako juzi aliitumia kutafuta miwani yake chini ya kitanda.

Shawna ameapa. Aliniambia wakati akiwafunga watoto mikanda garini, na hakupaza sauti, ndiyo maana nikamsadiki: "Shangazi, mimi na wanangu hatukanyagi tena hapa mpaka kile kitu kitoke kwenye bastola, na bastola iingie kwenye kasha la chuma."

Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yako. Aliamka mapema kuweka nyama kwenye moshi. Alitoa viti vya watoto, akavipangusa, akavipanga kivulini. Tulikula wawili. Kila gari lilipopita barabarani alisimama.

Nikamwambia, "Delmar, itoe ile taa, watoto warudi."

"Verlene, umenifundisha tangu navaa kaptula. Lini utanipa cheti nimalize shule?"

"Ukiitoa leo, nakupa leo."

Hakucheka. Alifunika nyama, kisha akasema, "Garrick alikaa nami simuni jioni nzima tukiichagua. Alinieleza kila kitu, taratibu, hata nilipouliza mara mbili. Unakumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumza nami hivyo? Nikiitoa, nitamwambia nini?"

 Hapo hasira zangu kwako zilipanda upya. Baba yako haing'ang'anii taa, Garrick. Anang'ang'ania ile jioni, na kwa ajili yake yuko radhi kula mbele ya viti vitupu vya wajukuu.

Kwa hiyo hili si ombi. Siku utakayopokea barua hii, mpigie. Usimtumie ujumbe, wala vikatuni. Mwambie kwa kinywa chako: "Baba, nilikuchagulia vibaya. Itoe." Asiambiwe kwamba mimi nimekutuma. Akikuuliza anunue tochi gani ya mkononi, usimtajie jina upesi ukakata simu. Mweleze. Akiuliza mara mbili, mweleze mara mbili. Kaa naye mpaka achoke yeye.

Msalimie sana Inga, na mama yake, Bibi Solveig, ambaye kadi yake ya Pasaka ilinifikia salama. Shawna hajaniagiza salamu zako, nami sitazitunga. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe kutambua mapema yale ambayo wengine hutambua makaburini.

Wako akupendaye, na ndiyo maana amekukemea,

Shangazi Verlene